Miwa ya Felistas Iliyovunwa na Kompyuta

Alhamisi, tarehe tisa Oktoba. Asubuhi jua kali la kuanika mahindi. Saa nane mvua ya mawe, kama kawaida ya hapa Kakamega, na mahindi yakalowa kabla sijafika mlangoni.

Kevo alikuja katikati ya hiyo mvua. Huyu ni kijana niliyefanya naye kazi katika chumba cha kompyuta cha ushirika wa wakulima wa miwa mpaka nilipostaafu mwaka jana. Sasa yeye ndiye mkubwa wa chumba. Alikuja chini ya mwavuli mkubwa wa kijani wenye waya mmoja uliovunjika, na huo mwavuli nitaueleza.

"Mathe," akasema akijipangusa, "tumepata vijana wapya. Wanaanza na kuweka aina kwa ile laibrari yetu. Waandikie kitu."

"Niwaandikie nini? Mimi niliachia masomo kidato cha pili."

"Waandikie ile ya Felistas."

Basi ninyi vijana wapya, hii ndiyo ile ya Felistas. Sina hakika naikumbuka sawasawa. Mahali Kevo anakumbuka tofauti nitaandika ya Kevo pia, maana ndiyo haki, na isitoshe ameketi jikoni kwangu anaota moto na anaweza kuja kusoma begani.

Laibrari ninayosema si ya vitabu. Mume wangu, Baba Ayub, aliwaambia watu wa kanisani kwamba mimi nafanya kazi maktaba, na mchungaji akawa ananiuliza kama tuna kamusi ya Biblia. Laibrari yetu ni furushi la fanksheni zilizoandikwa tayari kwa Python, lugha ya kompyuta, za kuongea na hifadhidata ya ushirika, ili mtu akitaka kujua shamba fulani ni la nani asianze kuandika maswali upya. Unaita fanksheni, unaipa namba ya shamba, inakurudishia mkulima.

Sasa Python yenyewe haikuulizi unapokea nini na unarudisha nini. Inapokea tu, kama yule mama mkarimu anayefungulia kila mtu mlango, halafu usiku ndiyo anagundua aliyelala sebuleni si shemeji. Kuweka aina ni kuandika ubavuni mwa fanksheni: hii inapokea namba, inarudisha mkulima. Sisi tuliita vibandiko. Halafu kuna programu nyingine, mkaguzi, inayosoma vibandiko vyote bila kuendesha chochote. Ikiona umeahidi mkulima hapa, na pale unamtumia kama namba, inaweka mstari mwekundu. Isipoona kosa, kijani.

Aliyeandika laibrari yetu ni Mzee Wesonga, na ndiye aliyenifundisha. Mimi nilikuwa karani wa mizani, ninachapa uzito wa matrekta ya miwa, na nilihamishiwa chumba cha kompyuta kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyepesi, si kwa sababu nyingine yoyote ninayoijua. Siku moja nikamwonyesha fanksheni niliyoiandika. Akaisoma, akaniambia, "Beatrice, nenda stoo uniitie mtu wa stoo."

Nikaenda, nikarudi. "Hayuko."

"Kwa hivyo umerudi na nini?"

"Na nini? Nimerudi hivi tu. Mikono mitupu."

"Sasa mbona hapa umeandika kwamba kila anayetumwa anarudi na mkulima?"

Nilidhani ananichokoza. Alikuwa anasema kweli. Ukiuliza hifadhidata namba ya shamba ambalo halipo, haikurudishii mkulima. Inakurudishia kile Python inachoita None, yaani hakuna. "Mikono mitupu pia ni jibu," akasema. "Iandike." Tangu siku hiyo, nikiweka kibandiko nilikuwa najiuliza kwanza: huyu niliyemtuma anaweza kurudi bila kitu? Mara nyingi anaweza. Hata mtu wa stoo, tulikuja kujua, alikuwa kwa kinyozi.

Lakini nisimpambe Mzee Wesonga kupita kiasi. Yeye mwenyewe hakuwekanga vibandiko kwa kazi yake. Ukimuuliza alisema, "Mimi najua kinachorudi." Na alijua. Alipostaafu akaondoka nacho kichwani, sisi tukabaki na fanksheni.

Ndipo meneja wetu, Bwana Mukhwana, akaenda semina Naivasha. Hakuwa mtu mbaya. Alitulipia sukari ya chai kutoka mfukoni mwake, na hilo naliandika hapa ili lisomwe pamoja na yanayofuata. Huko semina alionyeshwa ukuta wenye skrini kubwa, yote ya kijani, akaambiwa hiyo ndiyo ofisi ya kisasa. Akarudi na skrini. Ikatundikwa ukutani mwetu ikionyesha majibu ya mkaguzi, na siku ya kwanza ilikuwa nyekundu toka juu mpaka chini kama bucha.

"Nataka kijani," akasema.

"Bosi, kijani ya nini hasa?" Kevo akauliza.

"Ya kila kitu."

Akatangaza mashindano. Atakayeondoa mistari myekundu mingi zaidi atapewa mwavuli wa ushirika, ule mkubwa wa kijani.

Mimi nilifanya hivi: nilichukua fanksheni moja, nikafungua hifadhidata, nikaangalia kwa macho kinachorudi, ndipo nikaandika kibandiko. Nilianza na zile zinazogusa hifadhidata moja kwa moja, kwa sababu ukikosea kibandiko cha pale, uongo unateremka mpaka chini. Ni njia nzuri lakini ni ya pole sana. Kevo alifanya tofauti. Kuna neno Any, maana yake chochote. Ukiandika kwamba fanksheni inarudisha Any, mkaguzi anafumba macho na kupita. Kevo akaandika Any asubuhi, akaandika Any baada ya chai, na kufikia chakula cha mchana ukuta ulikuwa umeanza kufanana na Naivasha.

"Kevo, hii inarudisha chochote kweli? Hata ng'ombe?"

"Mathe, mashindano si ya ukweli. Ni ya kijani."

Alishinda mwavuli. Mimi nilikuwa wa mwisho, nikapewa kalamu, na picha ilipigwa nikiwa nimeishika. Kwa haki, alichosema Kevo kuhusu mashindano kilikuwa sahihi. Na Any yenyewe ina mahali pake. Data ikiwa ndiyo inaingia tu kutoka nje, haijakaguliwa, hujui ni nini, sema hujui. Shida ni kusema hujui mpaka ndani kabisa, pale ambapo mtu amekuja kuuliza miwa yake.

Sasa Felistas.

Alikuja siku ya Jumatano asubuhi, mjane wa kule Musanda, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Mpokezi alikuwa amemtuma kwetu baada ya kumwambia kile kompyuta ilichosema.

"Mulembe," akatusalimu. "Nani hapa ndiye kompyuta?"

Kevo akanionyesha mimi kwa kidole.

"Mama, nimeambiwa miwa yangu imekatwa."

Nikaangalia. Skrini ilisema hivyo: shamba hilo, imevunwa. "Ndiyo, mama. Inaonyesha imevunwa."

Akaweka viatu chini, akakunja mikono ya sweta na kunyoosha mikono yake juu ya meza yangu. Ilikuwa imechorwachorwa na majani ya miwa, mistari mipya bado myekundu.

"Mimi nimetoka huko saa hii. Kama imekatwa, mikono hii imekatwa na nini?"

Kevo alicheka, kisha akaacha.

Shida yake ilikuwa hivi. Wakataji walikuwa Musanda wiki hiyo na wangemaliza Jumamosi, kisha wahamie upande mwingine. Jina la Felistas halikuwa kwenye zamu kwa sababu kompyuta ilijua hana miwa. Zamu ya nyuma pia ilimruka. Miwa yake ilikuwa imeshatoa maua. Wakataji wakiondoka Jumamosi bila kumfikia, zamu ijayo ingeikuta imekuwa kuni.

"Na nikiongea na wakataji mwenyewe?" akauliza.

"Hawakati bila kibali," Kevo akasema. "Na kibali kinatoka hapa."

"Basi kitoe."

"Mama, siwezi kutoa kibali cha kukata miwa iliyokatwa."

Ningependa kuandika kwamba mmoja wao alikuwa mjinga, ingerahisisha hadithi, lakini sivyo.

Ni Felistas aliyetufumbulia, bila kujua, kwa kulalamika. Baba mkwe wake alipofariki, wazee walikaa, wakagawa shamba kati ya wana, wakapanda miti ya lusiola kwenye mipaka, watu wakala, wakatawanyika. Hivyo ndivyo inavyofanywanga huko. Kwenda ofisini kutafuta namba mpya kwa kila kipande, hakuna aliyeenda. Shamba likabaki na namba ya marehemu, na chini ya namba hiyo kila mwana akaandikisha jina lake, mkubwa kwanza. Mkubwa ni shemeji yake Felistas, anaitwa Protus. Mume wa Felistas alipofariki, jina lake yeye likaingia mahali pa mume, chini ya Protus.

"Na Protus amevuna?" nikauliza.

"Zamu ya kwanza kabisa. Ameshanunua redio."

Nikafungua fanksheni ya Mzee Wesonga, ile unayoipa namba ya shamba nayo inarudisha mkulima. Inarudisha mmoja, wa kwanza. Mzee hakukosea. Alipoiandika, shamba lilikuwa na mwenyewe mmoja. Ni watu waliokufa na kugawana baadaye. Kwa hivyo miwa ya Protus ilipokatwa, kompyuta iliandika shamba lote limevunwa, na Felistas akakatiwa miwa akiwa amesimama ndani yake. Ubavuni mwa fanksheni palikuwa na kibandiko cha Kevo: Any. Chochote. Mkaguzi alikuwa amepita hapo akiwa amefumba macho.

Nikasema moyoni, hii naiweza. Nikafuta Any, nikaandika kwamba inarudisha orodha ya wakulima, si mmoja. Nikamwambia Felistas aende nyumbani, kesho jina lake litakuwa kwenye zamu. Nikaenda nyumbani nimenyoosha shingo. Baba Ayub aliniuliza kama nimepandishwa cheo.

Alhamisi asubuhi, zamu ikatoka. Felistas hayupo.

"Kevo, nilibadilisha."

Akaja, akaangalia, akajishika kiuno. "Mathe. Umebadilisha kibandiko. Hujabadilisha mtungi."

Hili, vijana, mlisome mara mbili, kwa maana mimi nilihitaji kuambiwa mara tatu. Python haiendeshi vibandiko. Inavipita kama mtu anavyopita tangazo la mganga kwenye nguzo. Ukiandika "asali" juu ya chupa ya mafuta ya taa, kilichomo kitabaki mafuta ya taa. Fanksheni iliendelea kumrudisha Protus peke yake, kibandiko kikiwa kinaahidi ukoo mzima. Nilikuwa nimemtuma mama wa watu nyumbani na ahadi iliyoandikwa kwenye karatasi ya ubavuni.

"Kwa hivyo ilikuwa kazi bure," nikasema.

"Zii, si bure. Angalia ukuta."

Nikageuka. Skrini ya Bwana Mukhwana ilikuwa imerudi kuwa bucha. Kila mahali palipotegemea fanksheni ile kurudisha mtu mmoja, mkaguzi alikuwa amepiga mstari: panapoandika shamba limevunwa, panapotoa kibali, panapopanga zamu, panapotuma ujumbe kwa simu. Any ilikuwa imepafunika pote.

"Hizo ndizo za kurekebisha," Kevo akasema. "Zote. Bila hiyo nyekundu ningezitafuta mpaka Krismasi." Kisha akashusha sauti. "Lakini Mathe, kesho ni Ijumaa."

Nilikuwa nimesahau. Ijumaa wageni walikuwa wanakuja kutoka Nairobi kuangalia ofisi ya kisasa.

"Tunaweza kurudisha Any leo," akasema, "wageni waone kijani, tutengeneze Jumatatu."

"Jumatatu wakataji watakuwa wameondoka Musanda."

"Najua."

"Na mkataba wako, ambao bosi ndiye wa kuutia sahihi?"

"Mathe, najua."

Hapa Kevo anasema, kutoka jikoni, kwamba mimi ndiye niliyesisitiza. Mimi nakumbuka yeye akivuta kiti na kuanza na ile ya kuandika shamba limevunwa, ibadilike iandike kwa kila mkulima. Tumekubaliana kwamba mmoja wetu alianza. Yeye alirekebisha fanksheni, mimi nikafungua hifadhidata na kumsomea mashamba mengine yenye majina mengi chini ya namba moja, ili tusitengeneze dawa ya Felistas peke yake. Yalikuwa mengi kuliko tulivyopenda.

Bwana Mukhwana aliingia akitabasamu, akaona ukuta, akaketi bila kutafuta kiti. Kwa bahati palikuwa na sanduku.

"Ni nini hii?"

Kevo akamweleza. Akamweleza vizuri, kwa heshima, kuhusu Felistas na Protus na miti ya lusiola. Bwana Mukhwana alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ilipokuwa kijani ilikuwa mbaya," akasema, "na sasa ikiwa nyekundu ni nzuri."

"Inaelekea nzuri, bosi."

"Na wageni nitawaambia hivyo?"

Akaondoka. Tulidhani anaenda kumtafuta mtu wa kurudisha Any, na Kevo akaongeza mwendo wa kuchapa kama mtu anayesikia mvua inakuja mgongoni.

Ijumaa tulikuta Bwana Mukhwana amefika kabla yetu. Ukuta ulikuwa kijani tupu, toka kona hadi kona, kijani inayong'aa. Nikakimbilia kompyuta, kazi yetu ilikuwa pale pale, haijaguswa. Nikarudi kuangalia ukuta kwa karibu. Ilikuwa picha ya shamba la miwa.

Wageni waliingia, wakaangalia, wakavutiwa. Mmoja aliuliza kijani hiyo inamaanisha nini.

"Miwa," Bwana Mukhwana akasema.

Wakaandika. Wakapiga picha. Nyuma ya mlango Kevo alikuwa anamaliza ile ya kupanga zamu. Sehemu moja ilimshinda, ya ujumbe wa simu, akaweka yale maneno ya kumnyamazisha mkaguzi. Hilo linaruhusiwa, lakini andikeni sababu kando yake. Yeye aliandika: "Wageni Ijumaa." Mkiikuta bado iko, ndiyo hiyo, na sababu yenyewe iliisha zamani.

Jioni zamu ya Jumamosi ilitoka. Jina la Protus lilikuwa na alama ya imevunwa. Chini yake, kwa mara ya kwanza, jina la Felistas, haijavunwa. Kevo akakichapisha kibali chake na kukipeleka mwenyewe Musanda kwa pikipiki, kwa sababu ujumbe wa simu ndio ule ulionyamazishwa.

Walimkatia Jumamosi alasiri, shamba la mwisho kabla ya kuhama. Trekta ilikwama kwenye matope na ikatolewa na majirani, Protus akiwa mbele, nimwandike na yeye. Sehemu ya juu ya shamba ilikuwa imeanza kukauka kwa ile zamu iliyomruka. Hiyo hatukuweza kuirudisha.

Wiki iliyofuata Felistas alikuja na viatu mguuni na ingokho kwapani, jogoo mweupe mwenye hasira.

"Hii ni yenu," akasema, akitutazama mimi na Kevo.

Bwana Mukhwana alikuwa anapita. Akaipokea kwa niaba ya ofisi. Picha ikapigwa, ikawekwa kwenye ukuta ule ule, yeye na jogoo, na maneno chini: wakulima wetu wanaridhika. Jogoo akaondoka ndani ya gari la meneja. Sikumwona akimla. Inawezekana alimfuga. Kevo alinong'ona, "Mathe, ni ile fanksheni tena, moja kwa watu wawili, na imemrudisha wa kwanza aliyepita." Nilicheka mpaka nikaulizwa.

Mimi sijui kama nilikuwa mfanyakazi mzuri. Nilikuwa wa pole, nilitoa ahadi kabla ya kujaribu, na nikapata kalamu. Ila hiki ningeomba mkifanye: kabla hamjaandika fanksheni inarudisha nini, mwiteni mtu mmoja ambaye jibu litamwangukia, mmuulize kwake mambo yakoje. Felistas hakuijua Python, nasi hatukuijua lusiola, na mkaguzi hakujua chochote kati ya hivyo viwili. Ilibidi tuketi pamoja.

Mvua haijaacha. Kevo amelala kwenye kiti, mwavuli wake umeanikwa mlangoni. Jioni tumekula obusuma, ugali wetu, na likhubi, majani ya kunde yaliyolazwa na maziwa, Baba Ayub, mimi na yeye, akaongezwa mara mbili. Baba Ayub aliuliza mgeni amechinjiwa ingokho gani. Hakuna. Hilo pia ni jibu, nimeliandika.